Mateka wa Nzilo: Balozi Atia Sahihi

Bunduki haikulia. Kilicholia ni simu.

Msomaji, wiki nzima umekaa na roho mkononi, ukimwona Muamba dereva amepiga magoti kwenye baraza ya nyumba ya wageni ya Nzilo, mtutu wa Jenerali Radi umemgusa kisogo. Haya, rudisha roho mahali pake. Jenerali alisikia simu inatetemeka mfukoni, akaitoa, akasoma jina la aliyepiga, na uso wake ukachanua kama wa bwana harusi. Mtutu ukaondoka kichwani kwa Muamba.

“Alo? Ee, njo miye. Jenerali mwenyewe.”

Hivyo ndivyo Muamba alivyopona. Usiitafute huruma hapo, hakukuwa na hata chembe. Simu ya wakubwa ilikuwa tamu kuliko damu ya dereva, basi.

Wewe unayeingia leo katika kisa hiki, usitaabike. Balozi Hagen, wa nchi moja ya baridi kule Ulaya, alikuja na katibu wake, Bwana Pichler, kutazama bwawa la umeme na kula samaki wa ziwani. Kabla samaki hajafika mezani, likafika Jeshi la Kuokoa Shaba. Jeshi! Vijana wasiojaza basi moja, ndara miguuni, bunduki za kuazima mabegani. Na jenerali wao? Hadi juzi aliitwa Hénock, mnunuzi wa madini nje kidogo ya Kolwezi, Kongo, na mizani yake ilisifika kwa kumeza kilo za wachimbaji. Leo anasema anawapigania wachimbaji hao hao.

Pamoja na wageni wawili aliwazoa wenyeji watatu: Muamba, ambaye risasi ya kwanza ilimpasua paja, Mama Wivine, mpishi wa nyumba ile, na Rachelle Kabamba, mkalimani, mwanamke aliyekuwa amekula mkate wake kwa miaka mingi akibeba maneno ya watu wengine bila kuyaongezea chumvi.

Rachelle alimshika Muamba kwapani, akamvuta hadi ukutani. Kitambaa cha meza alichomfunga pajani kilikuwa kimelowa tena.

“Vumilia, Tata Muamba. Benye kupiga simu banasema mujumbe anakuya.”

“Mama, mi nabayua bajumbe,” Muamba alisema, meno yakigongana. “Banakuyaka juu ya batu ya suti. Mi niko na shati tu.”

Rachelle alitaka kumwambia asiseme hivyo. Akakikaza kitambaa badala yake. Msichana mmoja wa waasi, Jémima, mwembamba kama bunduki aliyoibeba, aliweka kikombe cha maji sakafuni karibu nao akarudi mlangoni kimya. Huyo ndiye mtu pekee katika jeshi zima aliyekumbuka kwamba majeruhi husikia kiu.

*

Mjumbe alifika na dereva wake na mlinzi mmoja, katika gari lenye kitambaa cheupe mbele, na harufu ya manukato iliyotangulia gari.

Alikuwa Mheshimiwa Stany Banza. Kolwezi nzima inamfahamu: akizindua bomba la maji, bomba hukauka, picha zake hubaki. Waandishi wa habari aliwaacha kwenye kizuizi cha wanajeshi, lakini aliwaomba wasiondoke. Alipanda ngazi za baraza akiwa amenyanyua mikono juu, si sana, suti isije ikapanda.

“Ambasadere iko wapi?”

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Muamba alikuwa amelala ukutani, mguu umenyooka njiani. Mheshimiwa aliuinua mguu wake, akauvuka ule mguu wenye jeraha, akaendelea.

Mama Wivine aliguna jikoni. “Ule anaruka mutu sawa vile anaruka mufereji.”

Wakaketi kwenye meza ile ile ambayo samaki hakuwahi kufika. Upande mmoja Jenerali, miwani ya jua usoni ndani ya nyumba. Upande wa pili Balozi Hagen, mrefu, mwekundu shingoni, na Pichler, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akilia ndani ya leso kwa adabu kubwa. Katikati Mheshimiwa Stany na karatasi zake, mlinzi wake nyuma ya kiti. Rachelle akasimama nyuma ya meza. Hakuna aliyemwambia akae.

“Mbele ya kuanza,” Jenerali akasema, “mi sitasema Kifaransa. Ile ni luga ya bezi, benye kuiba shaba yetu. Tutasema Kiswahili.”

Kifaransa alikijua vizuri sana. Ndicho alichokuwa akikitumia kuwauzia wageni madini ya watu. Lakini Rachelle hakuwa hapo kusahihisha historia. Aliinama kwa Balozi akamfasiria.

Balozi alikunja uso. Kifaransa chake kilikuwa cha mkahawani: kilitosha kuagiza nyama na kushukuru, basi. Kwa Kifaransa hicho hicho akamwomba Rachelle, kama inawezekana, amfasirie kwa Kiingereza, maana mambo haya ni mazito.

Rachelle akamgeukia mjumbe. “Ekselensi, ambasadere anaomba nimufasirie mu Kiingereza. Utaweza kufuata?”

Mheshimiwa Stany akacheka, akamtazama Jenerali ili ahakikishe naye anasikia. “Mama, mi nilisoma Afrika ya Kusini. Kiingereza ni kitu gani? Yesi, yesi. Ofukosi.”

Na hapo, msomaji, kwa kucheka huko, Mheshimiwa alijichimbia shimo. Maana Afrika ya Kusini alikwenda kweli, kununua magari mawili, akarudi baada ya wiki. Maneno ya Kiingereza aliyorudi nayo ni hayo umeyasikia.

*

Mkataba ulikwenda mbio kupita kiasi. Rachelle alikuwa amewahi kufasiri ugomvi wa jirani juu ya mbuzi uliochukua muda mrefu kuliko huu.

Jenerali alitaka basi la kumpeleka yeye na vijana wake hadi Dilolo, mpakani. Mheshimiwa akasema basi lipo, linasubiri kizuizini. Jenerali alitaka wasifuatwe. Hawatafuatwa. Jenerali alitaka tangazo lake lisomwe kwenye redio ya mji. Litasomwa. Kuhusu wachimbaji, ambao kwa jina lao watu walikuwa wamepigwa risasi, hakuomba kitu. Alisahau. Au tuseme hakuwahi kukumbuka.

“Sasa soma fasi ya batu,” Jenerali akaamuru.

Rachelle alichukua karatasi iliyoandikwa Kifaransa akaanza kuigeuza Kiswahili kwa sauti. Akafika mahali ulimi ukagoma.

“Soma, mama.”

“Inasema... wanadiplomasia wawili wataachiliwa wakiwa salama na kukabidhiwa kwa mjumbe.”

“Njo vile. Kisha?”

“Kisha hakuna kitu.”

Barazani Muamba alikohoa.

Rachelle aliiweka karatasi chini. “Ekselensi, na shiye? Muamba iko anakufa pale. Mama Wivine. Na miye.”

Mheshimiwa aliangalia saa yake. “Mama Rachelle, usivuruge bitu. Tunatoa bageni kwanza. Benyewe ya inchi tutabatafuta nyuma.”

“Nyuma wapi?”

“Nyuma!”

Jenerali aliegemea kiti. “Mi nitakuambia. Hawa batatu banapanda basi na shiye mpaka Dilolo. Serikali ikipiga, inapiga batu yake. Tukivuka mupaka, tutaona.”

“Tata Muamba hatafika Dilolo na ile njia,” Rachelle alisema. “Ile mashimo itamumaliza mbele ya nusu ya safari.”

“Basi atakufa. Njo vita.”

Rachelle alimgeukia Balozi. Alimweleza kwa Kiingereza, polepole, kila kitu: kwamba mkataba unawatoa wao wawili tu, kwamba dereva aliyemwendesha, aliyepigwa risasi akiwa anamfungulia mlango wa gari, atakufa njiani. Alimwambia: Mheshimiwa Balozi, sema neno moja tu.

Balozi Hagen alisikiliza kwa makini. Aliangalia viatu vyake. Kisha akasema kwamba ana huzuni kubwa sana, lakini suala la raia wa Kongo ni la mamlaka ya Kongo, naye kwa kanuni za kazi yake hawezi kuingilia mambo ya ndani ya nchi aliyopokelewa.

Kisha akatoa kalamu yake, kalamu nzuri nyeusi, akatia sahihi.

Rachelle aliitazama sahihi ile ikikauka. Hakuwa na hofu tena. Hofu ilikuwa imehama ikamwachia nyumba. Alimtazama Jenerali mwenye miwani, akamtazama Mheshimiwa anayenukia, akamtazama Balozi anayefunga kalamu yake taratibu. Hawa, aliwaza. Hawa ndio wenye roho zetu.

Balozi alikuwa ananyanyuka. Akakumbuka jambo, akaketi tena, akamnong'oneza Rachelle kwa Kiingereza.

“Amesema nini?” Jenerali akauliza.

Alichosema Balozi ni hiki: anaomba sanduku lake lililobaki chumbani lipelekwe kwenye gari, maana lina viatu vya sherehe.

Rachelle alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, kilichotoka hakikuwa kile kilichoingia.

“Ambasadere anasema, ametia sahihi, ni kweli. Lakini hatatoka mu hii kiti mpaka batu yake yote banatoka pamoja naye. Anasema, kama unataka kubakia na mumoja, ubakie na yeye.”

Jenerali alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka. “Amesema vile?”

“Njo vile alisema. Angalia, hanyamuke.”

Kweli, Balozi hakuwa akinyanyuka. Alikuwa anasubiri sanduku. Na ili asije akabadili nia, Rachelle alimnong'oneza kwamba Jenerali amekataza mtu yeyote kusimama, atakayesimama atapigwa risasi. Balozi alishika mikono ya kiti kwa nguvu hadi vidole vikawa vyeupe. Akatazama mbele, taya limekaza.

Ungemwona, ungemchongea sanamu.

“Kumbe!” Jenerali alisema taratibu. “Kumbe huyu muzungu iko mwanaume.”

Mheshimiwa Stany alikuwa akitazama huku na huku. Kiswahili alikisikia; Kiingereza kilimpita kama upepo juu ya bati. Lakini mtu aliyesoma Afrika ya Kusini hawezi kuuliza. Akatikisa kichwa kwa busara. “Exact,” akasema.

“Lakini mi nitavuka namna gani bila mutu mu mukono?” Jenerali akauliza. Sasa hakuwa anaamuru, alikuwa anauliza kweli, na Rachelle aliona tundu likifunguka mbele yake.

Alimgeukia Mheshimiwa Stany. Akamsemesha kwa Kiingereza, kwa heshima, kwa sauti ambayo meza nzima iliisikia. Alimuuliza: je, Mheshimiwa yuko tayari kupanda basi la Jenerali badala yetu, kama dhamana, hadi Dilolo?

Pichler aliondoa leso usoni. Balozi akageuka, akamtazama mjumbe kwa mshangao mkubwa.

Mheshimiwa Stany aliona macho yote yamemkabili. Alitabasamu tabasamu lake la kuzindulia mabomba.

“Yesi,” akasema. “Yesi, yesi. Ofukosi.”

Balozi alimpa mkono.

Rachelle alimgeukia Jenerali. “Ekselensi amekubali. Yeye njo atapanda basi mu fasi yetu. Mujumbe wa serikali, Jenerali. Askari gani atapiga ile basi?”

Tabasamu la Mheshimiwa liligandia usoni kama uji uliopoa.

“Nini? Mi? Hapana, mi sikusema...”

“Umesema yesi,” Jenerali alimkatiza. “Na miye nimesikia. Yesi, ile hata mutoto anayua.” Aliuweka mkono wake mzito juu ya bega la suti. “Mutu mukubwa sawa wewe anapita dereva mwenye kidonda. Batatu baende. Andika pale, mama.”

Rachelle aliandika. Majina yote matatu, la Muamba mwanzo.

*

Basi lilipofika, vijana wa Jeshi la Kuokoa Shaba waligombania viti vya dirishani. Ndiyo mapinduzi hayo.

Mheshimiwa Stany alishika chuma cha mlango wa basi, hakutaka kukiachia. Alimvuta Rachelle karibu, manukato yamegeuka jasho.

“Rachelle, mama yangu, ubaambie. Mi sikuelewa!”

“Hukuelewa nini, Ekselensi? Kiingereza?”

Midomo yake ilicheza. Alimtazama mlinzi wake, akamtazama dereva wake, ambaye alikuwa anasikiliza wazi kabisa na jioni hiyo hiyo angekuwa baani Kolwezi. Akafunga mdomo. Akapanda basi. Alichagua kwenda na majambazi hadi Dilolo kuliko mji kujua.

Mwisho akaja Jenerali. Akasimama mbele ya Balozi, akapiga saluti, na akakisahau kiapo chake cha lugha. Kwa Kifaransa chepesi, neno kwa neno, kama anayemsemesha mtoto, akamwambia: wewe ni mwanaume, ulikataa kwenda bila watu wako.

Hicho Kifaransa, Balozi alikielewa.

Rachelle aliona kwa macho yake. Kwanza Balozi alishangaa. Halafu akafikiri. Halafu, taratibu, mkono ukapanda shingoni ukanyoosha tai.

“Ilikuwa wajibu wangu,” akajibu.

Basi likaondoka, vumbi likasimama. Kwenye dirisha la nyuma ulionekana uso wa Mheshimiwa, umebanwa kwenye kioo, bila kamera, bila tabasamu, uso wa mtu tu mwenye kuogopa. Rachelle alitarajia kufurahi. Badala yake kitu kilimchoma ubavuni. Alimdharau mtu yule, alimdharau kuanzia viatu hadi utosi. Lakini dharau ni kitu kimoja, na kumtoa mtu kafara ni kitu kingine, naye hakuwa na uhakika amesimama upande gani.

Ndani ya gari alilokuja nalo Balozi, nyuma ya lile la Mheshimiwa, Muamba alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama Wivine. Mpishi alisubiri hadi walipopita kizuizi ndipo akauliza.

“Rachelle, mutoto yangu. Ule muzungu alisema ile maneno kweli? Ya kiti?”

“Mama, alisema valizi yake imebakia mu chumba. Iko na viatu ya fete.”

Mama Wivine alimtazama kwanza bila kuelewa. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Akacheka, akacheka, hadi kicheko kikageuka kilio, na Muamba, nusu hai, akamshika mkono.

“Na viatu?” Muamba akanong'ona. “Imebakia?”

“Imebakia.”

“Mungu eko,” Muamba akasema, akafumba macho.

*

Walimpitisha Muamba hospitali, wakamkabidhi kwa madaktari. Rachelle alitaka kubaki naye. Hakuruhusiwa: Balozi alikuwa anasubiriwa uwanja wa ndege, na Balozi bila mkalimani ni mnara bila kengele.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Wachuuzi, wanafunzi, wachimbaji waliotoka mashimoni na udongo mwekundu magotini, kwaya ya kina mama imevaa vitenge vya sare. Jocelyne, mtangazaji wa redio ya mji, alimkimbilia Rachelle na kinasa sauti mkononi.

“Mama Rachelle, simama hapa. Tuko direct. Kolwezi yote inasikia, na ku basi pia banasikia.”

“Ku basi?”

“Jenerali ametuma ujumbe. Redio ya basi iko wazi, anangojea tangazo yake. Tutaisoma ambasadere akimaliza. Habajafika hata Mutshatsha, njia ya Dilolo ni mbovu.” Jocelyne akashusha sauti. “Anasema Ekselensi Stany anasalimia bibi yake na batoto.”

Kila neno la jukwaani litafika basini, Rachelle akawaza.

Balozi Hagen alipanda jukwaani. Alikuwa ameoga. Alisema kwa Kiingereza, kifua mbele, akisimama baada ya kila sentensi ili Rachelle afasiri.

Alisema ameona mauti. Rachelle akafasiri.

Alisema anawashukuru watu wa jimbo la Lualaba. Rachelle akafasiri.

Kisha akasema: walinipa uhuru wangu, nikaukataa. Nilimwambia jambazi yule usoni kwamba sitoki katika kiti hiki hadi wenzangu wa Kongo watoke pamoja nami. Kama unataka kubaki na mtu, nikamwambia, baki na mimi.

Akanyamaza. Akamtazama Rachelle, akingoja.

Alikuwa ameyapata wapi maneno yale, hadi lile la mwisho? Kumbe kwenye gari la mbele alipanda na mlinzi wa Mheshimiwa, ambaye Kiswahili alikisikia chote, akamsimulia kwa Kifaransa chepesi. Balozi alikuwa amekusanya uongo wa Rachelle vipande vipande, akaushona, akauvaa. Na ulimkaa vizuri.

Kinasa sauti kilikuwa mdomoni mwa Rachelle. Angeweza. Sentensi moja ya Kiswahili ingetosha: muongo huyu, alitia sahihi atuache tufe, alichoomba ni viatu. Mzungu asingeelewa, angebaki anatabasamu. Wale wachimbaji wangeelewa. Muamba, kule hospitali, kama redio ilikuwa wazi, angelala usingizi wa haki.

Na ndani ya basi, kwenye mashimo ya njia ya Mutshatsha, mtu mwenye macho madogo angejua amedanganywa, akageuza kichwa polepole, akamtazama Mheshimiwa Stany.

Mpumbavu yule. Mwenye manukato yule. Aliyemruka Muamba kama mfereji.

Rachelle alinyanyua kichwa.

“Balozi anasema,” sauti yake ikatoka juu ya mji, wazi, bila kutikisika, “walimpa uhuru wake, akaukataa. Alimwambia jambazi yule usoni kwamba hatoki katika kiti kile hadi wenzake wa Kongo watoke pamoja naye.”

Vigelegele vililipuka. Kwaya ikaanza kuimba kabla ya wakati wake. Mzee mmoja alivua kofia. Balozi aliinama kidogo, akanyoosha mkono, akamtambulisha kwa umati mkalimani wake shujaa, ambaye alimwita Raquel, kisha Regina.

Hata hilo Rachelle alilifasiri. Alisema: “Mkalimani.”

Alishuka jukwaani. Mama Wivine alimngoja nyuma ya kwaya, macho mekundu ya hasira.

“Umemufanya mutakatifu! Wewe! Na unayua!”

“Mama, Stany iko mu ile basi.”

“Wacha akufe!”

“Hapana,” Rachelle alisema. “Hapana, mama. Nikimuacha akufe, miye na ule muzungu tunakuwa kitu kimoja.”

Mama Wivine akavua kitenge chake cha begani, akamfunika nacho, akamkumbatia mbele ya watu. Rachelle aliegemea bega lile linalonuka moshi wa jiko akadhani, kwa pumzi tatu au nne, kwamba mambo yamekwisha.

Simu yake ikalia.

Ilikuwa namba ya Mheshimiwa Stany.

“Ekselensi?”

Hakujibiwa na Mheshimiwa. Nyuma kulisikika injini inayonguruma pasipo kwenda, mlango wa basi ukigongwa, na mtu mzima akilia kama mtoto. Halafu sauti ya msichana, ya chini, iliyotulia. Rachelle aliitambua kwa kuwa ndiyo sauti pekee ambayo hakuwa ameisikia siku zote zile: Jémima, aliyeweka kikombe cha maji sakafuni, aliyesimama mlangoni mkataba wote tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

“Mama Rachelle. Ile kazi yako ni muzuri sana.”

Kisha akabadili lugha. Alikisema Kiingereza kwa ulaini, Kiingereza cha ng'ambo, cha miji ya shaba ya Zambia.

Alisema: nimezaliwa Chingola, mama. Nilisikia habari ya viatu.

Rachelle aliibana simu sikioni.

“Basi imesimama, miye niko inje,” Jémima akaendelea kwa Kiswahili. “Jenerali amesikia redio, amefurahi, analia hata machozi. Lakini Stany ameanza kusema. Woga umemushinda. Anasema ulidanganya, anasema yeye hayue Kiingereza, arudishwe kwabo. Sasa Jenerali ananiuliza miye, juu anayua nilikomalia Zambia. Amemuwekea bunduki ku kichwa, na ananiangalia mu dirisha.”

Injini. Kilio.

“Sema haraka, mama. Nimujibu nini?”